Mchungaji amesema chanjo ya HPV ni kibali cha zinaa. Pingamizi hili la kidini linatoka wapi hasa?

#1 MamaWaKihonda (mleta mada)

Salaam kwenu wote. Binti yangu ametimiza miaka 9 na yuko darasa la tatu. Juma lililopita alirudi na barua kutoka shuleni ikieleza kwamba wauguzi wa kituo cha afya cha kata yetu watakuja kuwachanja wasichana wa umri wake dhidi ya virusi vya HPV, ambavyo husababisha saratani ya mlango wa kizazi. Mimi sikuwa na neno, kwa sababu mama yangu mdogo alikufa kwa ugonjwa huo, na aliyemwogesha na kumbadilishia nguo kwa miezi minne ya mwisho ni mimi.

Jumapili mchungaji wetu aliitaja barua hiyo hiyo ibadani. Alisema HPV huambukizwa kwa ngono, kwamba kumchanja mtoto wa miaka 9 ni kumpa kibali cha zinaa kabla hajajua zinaa ni nini, na kwamba mzazi anayemcha Mungu humlinda bintiye kwa maombi na malezi. Mume wangu alitoka kanisani amenyamaza, na tangu siku hiyo barua iko juu ya kabati wala hakuna anayeizungumzia.

Sikuja kumsengenya mchungaji wangu. Ndiye aliyemzika mama mdogo, na ninamheshimu. Nataka kuelewa tu: je, pingamizi hili limejengwa juu ya Maandiko, juu ya hofu ya wazazi, au juu ya jambo jingine ambalo hatulitaji kwa jina lake?

#2 MkungaMstaafu

Pole sana kwa kumpoteza mama mdogo. Nimefanya kazi ya uuguzi na ukunga kwa miaka 31, na ningependa kuanza na suala la umri, maana ndipo mchungaji wako alipokwama, na hajakwama peke yake. Chanjo hii haitibu maambukizi yaliyokwisha kuingia mwilini. Inaufundisha mwili kuvitambua virusi kabla havijafika, na mwili wa mtoto wa miaka 9 hadi 14 hujifunza vizuri zaidi kuliko wa mtu mzima. Hiyo ndiyo sababu ya kuwahi, wala hakuna anayedai kwamba mtoto huyo yuko karibu kuanza lolote. Mtoto wa wiki sita tunamkinga na pepopunda ilhali hata kutambaa hajui, sembuse kukanyaga msumari.

Aina mbili za virusi hivyo, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani. Wengi wanaoambukizwa hupona wenyewe bila hata kujua kwamba waliambukizwa, ila kwa wachache virusi hubaki, na saratani huchukua miaka 15 hadi 20 kujitokeza, au pungufu ya hapo kwa mwanamke mwenye VVU ambaye hatumii dawa. Kwa hiyo mwanamke wa miaka 45 anaweza kuugua jambo lililomwingia akiwa na miaka 25, na pengine lilimwingia ndani ya ndoa yake. Kwa Tanzania pekee, makadirio ya mwaka 2020 yalikuwa wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,000. Mkumbuke pia kwamba ratiba yake ni dozi mbili, kwa hiyo asikose ya pili.

#3 Mkatekista_Kijijini

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba niuseme upande ambao naona utapigwa mawe kabla haujasikilizwa. Kwa maelezo ya mleta mada, mchungaji huyo hakusema kwamba chanjo ni sumu. Hoja yake ni ya malezi. Mtoto hulindwa na mambo mengi kwa pamoja: upendo, mafundisho, haya, na pia hofu ya matokeo. Serikali inapofika shuleni na kumwambia, hata kwa nia njema, kwamba kuna ugonjwa unaoletwa na ngono na kwamba sasa amekingwa nao, imeingia katika chumba ambacho mzazi alikuwa bado hajakifungua. Mtume Paulo anatuambia katika 1 Wakorintho 6:19 kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Mimi nina watoto wa kike wanne, na ninaogopa siku ambayo watasikia habari za miili yao kutoka kwa kila mtu isipokuwa mama yao na mimi.

#4 MwanaMaabara

Hoja ya bandiko la 3 inaheshimika, na uzuri wake ni kwamba inaweza kupimwa. Ikiwa chanjo huondoa hofu, na hofu ikiondoka ngono huongezeka, basi wasichana waliochanjwa wangeonekana hospitalini kwa mimba na magonjwa ya zinaa mara nyingi kuliko wenzao. Huko Georgia, Marekani, watafiti walifuatilia kumbukumbu za matibabu za wasichana 1,398 waliokuwa na umri wa miaka 11 na 12, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 hayakuonyesha ongezeko lolote la mimba, la magonjwa ya zinaa, wala la ushauri wa kuzuia mimba miongoni mwa waliochanjwa.

Tena pingamizi hili halikuzaliwa kwetu. Februari 2007, gavana wa Texas, Rick Perry, aliamuru wasichana wachanjwe kabla ya kuingia darasa la sita, na Bunge la jimbo likaifuta amri hiyo mwaka uleule, huku vikundi vya Kikristo vikiwa mstari wa mbele kuipinga. Kanada nako, bodi ya shule za Kikatoliki za Calgary iliikataa chanjo isitolewe katika shule zake kuanzia mwaka 2008, askofu Fred Henry akiwa miongoni mwa waliopinga kwa maneno yanayofanana sana na ya mchungaji wa Kihonda. Novemba 2012 bodi hiyo ilibadili uamuzi.

#5 Nahodha_wa_Pangani

MwanaMaabara, ndugu yangu, kila uzi lazima utupitishe Kanada kwanza ndipo turudi Morogoro. Uliyoyasema ni kweli, lakini Mkatekista amezungumza kuhusu haya, nawe umemjibu kwa kumbukumbu za hospitali. Haya mawili hayakutani njiani. Nani ana tukio la hapa hapa kwetu?

#6 Mkatekista_Kijijini

Nahodha amenisemea. Hao wasichana wa Georgia nawaombea heri, na nakubali kwamba hawakuharibika. Hata hivyo swali langu bado linasimama: nani mwenye haki ya kwanza ya kumweleza mtoto habari za mwili wake? Hilo halipimwi kwa kuhesabu mimba.

#7 Ustaadh_Msambweni

Assalaam alaykum. Nimesoma mabandiko yote na nitazungumza kwa upande wa Uislamu, kwa kadiri ya elimu yangu ndogo. Wanazuoni wanataja mambo matano ambayo Sharia imekuja kuyalinda, nayo ni dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Chanjo hii inagusa mawili kwa wakati mmoja, nafsi na kizazi, kwani saratani hii huua mama na mara nyingi humwondolea uwezo wa kuzaa kabla ya kumuua. Qur'ani, 2:195, inatukataza kujitia wenyewe katika maangamizo, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alihimiza watu watafute matibabu. Kwa hiyo asili ya jambo hili ni ruhusa.

Zinaa ni haramu kabla ya chanjo na ni haramu baada ya chanjo. Sindano haigeuzi hukumu. Sijui Mwislamu yeyote ambaye huacha zinaa kwa sababu ya kuogopa saratani itakayokuja baada ya miaka 20. Anayeacha, huacha kwa kumwogopa Mola wake. Ukisema kwamba hofu ya virusi ndiyo inayowashikilia mabinti zetu, umeidharau imani yao.

Pamoja na hayo, Mwislamu ana haki ya kuuliza jambo moja, nalo ni kilichomo ndani ya kichupa. Hapo naomba wataalamu watusaidie.

#8 Binti_Ngamiani

Ustaadh amegusa penyewe. Katika ukoo wetu watoto watatu hawakuchanjwa kwa sababu shangazi alisikia kwenye mhadhara kwamba kuna mafuta ya nguruwe. Mhubiri mwingine wa mtaani, ambaye ni Mkristo, alisema imetengenezwa kwa vijusi vya mimba zilizotolewa. Zote mbili zilitangazwa kwa kipaza sauti, na mimi sikuwa na la kujibu.

#9 MwanaMaabara

Chanjo ya HPV haina virusi hai wala virusi vilivyouawa. Kinachotumika ni protini ya ganda la nje la kirusi, ambayo hujipanga yenyewe kuwa kiganda kitupu kisicho na vinasaba ndani, kwa hiyo haiwezi kumwambukiza mtu. Kwa chanjo ya Gardasil, protini hiyo huzalishwa na hamira, ndugu wa hii tunayoumulia unga wa maandazi, na kwa Cervarix huzalishwa katika seli za wadudu. Gardasil haina jelatini, yaani ule ute unaotokana na ngozi na mifupa ya wanyama, ya nguruwe wala ya ng'ombe.

Suala la vijusi linatokana na kuchanganya chanjo mbili. Chanjo ya rubela ndiyo inayokuzwa katika seli ambazo asili yake ni mimba iliyotolewa miaka ya 1960, na hata kwa hiyo, waraka wa Vatikani wa mwaka 2008 unawaruhusu wazazi kuitumia afya ya mtoto inapokuwa hatarini, huku wakidai itengenezwe nyingine. HPV haimo kabisa katika mjadala huo.

Namrekebisha pia mama yetu wa bandiko la 2, kwa heshima. Dozi mbili zilikuwa ratiba ya tangu chanjo ilipozinduliwa nchini, Aprili 2018, ambapo ilianza na wasichana wa miaka 14. Tangu Aprili 2024 Tanzania inatoa dozi moja tu, baada ya Shirika la Afya Duniani kuikubali mwaka 2022. Baadhi ya ushahidi ulitoka hapa hapa: Mwanza walishiriki wasichana 930 katika utafiti wa kulinganisha idadi za dozi, na Kenya, katika utafiti wa wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20, dozi moja ilizuia maambukizi ya aina ya 16 na 18 kwa asilimia 97.5.

#10 MkungaMstaafu

Ahsante, mwanangu. Nilistaafu kabla ya badiliko hilo, na nimefurahi kurekebishwa. Dozi moja.

#11 KijanaWaThika

Nawasalimu kutoka Kenya. Kwetu, Rais Uhuru Kenyatta alipoizindua chanjo hii Nairobi mwaka 2019 kwa wasichana wa miaka 10, Chama cha Madaktari Wakatoliki kilijitokeza hadharani kuipinga, kikisema kwamba usafi wa moyo na uaminifu katika ndoa vyatosha. Hao walikuwa madaktari, watu waliosoma elimu ya virusi, kwa hiyo maelezo kwamba pingamizi ni ujinga hayasimami. Ili kuwaelewa inabidi mrudi nyuma hadi 2014, wakati maaskofu wa Kikatoliki walipodai kwamba chanjo ya pepopunda waliyopewa wanawake wa umri wa kuzaa ilikuwa imetiwa homoni ya kuzuia uzazi. Serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha, lakini mama yangu mpaka leo akiona kisanduku cha chanjo kilichowalenga wanawake peke yao huuliza kwa nini wanaume wamerukwa. Kwa maoni yangu jeraha la 2014 ndilo linaloongea, na zinaa ni lugha tu iliyokuwa karibu.

#12 Mkaazi_wa_Likoni

Rekebisho dogo kwa KijanaWaThika: uzinduzi wa Oktoba 2019 ulifanyika Mombasa, si Nairobi. Sisi wa Pwani tunaomba tuachiwe angalau hicho. Kuhusu mengine ninakuunga mkono nusu. Mtaani kwangu Wakatoliki ni wachache, habari za 2014 hazikuzungumzwa sana, na bado kuna wazazi Waislamu waliokataa. Kwa hiyo jeraha hilo haliwezi kuwa maelezo ya kila mahali.

#13 Mwalimu_wa_Zamu

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na nimesimamia siku za chanjo mara kadhaa. Nitasema nilichokiona kwa macho yangu. Mwaka mmoja, katika shule niliyokuwa nikifundisha, wasichana zaidi ya kumi hawakufika siku ya chanjo, na walirudi kesho yake wote wakiwa na afya njema. Nilipowatembelea wazazi, nyumba tatu zilinipa sababu ya dini. Nilipokaa, nikanywa chai, na tukaendelea kuzungumza, ikabainika kwamba katika nyumba mbili kati ya hizo kilichowaudhi ni barua iliyofika Jumatano jioni kuhusu chanjo ya Alhamisi asubuhi. Baba mmoja aliniambia, «Mwalimu, ng'ombe wangu akichanjwa bwana mifugo huja kunipigia hodi, lakini mwanangu anachanjwa kwa karatasi.» Sikuwa na jibu, kwa sababu alisema kweli. Dini ilimpa neno ambalo mwalimu hawezi kubishana nalo, lakini aliyekasirika alikuwa baba mwenye nyumba.

Nyumba ya tatu walikuwa na imani yao kamili, na hata panadoli hawaiingizi ndani. Huyo nilimuaga tu.

Kwa hiyo Mkatekista, swali lako la nani amweleze mtoto ni zuri, na ninakuomba ulipeleke kwa wanaoandika barua hizo.

#14 MwanaBukoba

Nimesita siku mbili kabla ya kuandika hapa. Dada yangu mkubwa aliolewa akiwa bikira. Najua, kwa sababu kwetu jambo hilo lilisherehekewa na bibi zetu. Aliongoza kwaya ya kinamama kwa miaka 17 na hakuwahi kumjua mwanamume mwingine yeyote hadi alipofariki mwaka juzi. Alianza kutokwa damu isiyo ya kawaida, akapewa dawa za maambukizi mara tatu katika zahanati moja bila kupimwa, na alipofika Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, ugonjwa ulikuwa umeshatambaa hadi kwenye kibofu.

Shemeji yangu alikuwa dereva wa masafa marefu kabla hajaokoka. Alitubu, na naamini Mungu amemsamehe. Virusi havikumsamehe dada yangu. Sasa naomba mtu mmoja anieleze, kwa Maandiko yoyote anayoyataka, dada yangu angelindaje hekalu lake zaidi ya alivyolilinda? Mlango wake aliufunga. Aliyeufungua ni mume wa ndoa, mbele ya Mungu, kwa haki yake.

#15 Mkatekista_Kijijini

MwanaBukoba, nimesoma maneno yako asubuhi na sikuweza kujibu hadi sasa usiku. Mungu amlaze dada yako mahali pema. Nakiri kwamba nilipoandika bandiko la 3 nilikuwa nimemfikiria binti tu, na mwanamume ambaye binti huyo ataolewa naye hakuwa akilini mwangu kabisa.

Kwa sababu hiyo sisemi tena kwamba ningekataa. Ila sasa nina swali jingine ambalo linanisumbua zaidi. Ikiwa mwanamume ndiye abebaye, kwa nini achanjwe msichana peke yake? Je, hatumfundishi mvulana kwamba usafi ni kazi ya mwanamke na matokeo ni mzigo wa mwanamke?

#16 MkungaMstaafu

Wavulana nao huchanjwa katika nchi zenye uwezo. Australia ilianza na wasichana mwaka 2007 na ikawaongeza wavulana mwaka 2013. Virusi hivi huleta pia saratani za koo na za sehemu za siri za wanaume, ingawa kwa kiasi kidogo. Kwetu dozi hazitoshi, na Shirika la Afya Duniani linashauri wasichana watangulizwe kwa sababu wao ndio wanaokufa. Rwanda ndiyo iliyotangulia Afrika kwa mpango wa nchi nzima, mwaka 2011, na ikavuka asilimia 90 ya wasichana waliolengwa, nayo ilianza na wasichana hao hao. Swali lako hata hivyo ni la haki, na ningependa kulisikia likiulizwa madhabahuni.

#17 Fundi_wa_Baiskeli

Naona mnazunguka. Nimeishi na majirani wanaokataa, na katika miaka yote sijasikia hata mmoja akiogopa zinaa akiwa nyumbani kwake. Kanisani na msikitini husema zinaa. Nyumbani huuliza, «Je, atazaa?» Hilo ndilo swali. Binti asiyezaa hana mahali pa kukaa katika ukoo, na sindano iliyotoka ng'ambo, ya bure, ya wasichana tu, inafanana sana na sindano ya uzazi wa mpango wanayoijua. Mchungaji ametoa tu neno lenye heshima kwa hofu isiyosemeka. Mkiishughulikia zinaa, mtakuwa mnatibu kidole ilhali jino ndilo linalouma.

#18 Ustaadh_Msambweni

Ndugu Fundi, pamoja na KijanaWaThika na Mwalimu, ninyi watatu mmetoa maelezo matatu tofauti, na yote yanakubaliana katika jambo moja, kwamba mtu anaposema dini hamaanishi dini. Hapo ndipo ninapowapinga. Wapo wanaomaanisha. Wale wa nyumba ya tatu aliowataja Mwalimu wanamaanisha. Kule Zimbabwe wapo wafuasi wa makanisa ya Kitume wanaokataa chanjo zote na hospitali, na mlipuko wa surua wa mwaka 2022 uliua watoto zaidi ya 700 nchini humo, wengi wao wakiwa hawajachanjwa. Huwezi kumwambia mzazi aliyezika watoto kwa ajili ya imani yake kwamba tatizo lake lilikuwa barua iliyochelewa. Mtu kama huyo anahitaji kujibiwa kwa dini, na mwenye dini mwenzake, tena kwa upole.

#19 Nahodha_wa_Pangani

Hapo Ustaadh amenena. Mimi nina hoja ndogo kuhusu lugha. Mabango yetu yanaandika «saratani ya mlango wa kizazi», Wakenya wanasema «shingo ya kizazi», na barua ya mleta mada inaonekana ilitaja virusi kwa herufi tatu za Kiingereza ambazo hakuna bibi anayezielewa. Palipo na pengo, mhubiri ndiye aliyelijaza kwa neno «ngono». Kama barua ingesema tangu mstari wa kwanza kwamba hii ni kinga ya saratani iliyomuua shangazi yenu fulani, nina hakika nusu ya mahubiri hayo yasingehubiriwa.

#20 KijanaWaThika

Nahodha, «shingo ya kizazi» ni sahihi, kwa sababu ndivyo ilivyo, nyembamba kama shingo ya chupa. Ninyi ndio mliojenga mlango mahali pasipo na nyumba. Ila kuhusu barua sikubaliani nawe kikamilifu. Kuficha kwamba virusi huambukizwa kwa ngono kungeokoa mwaka mmoja tu. Wa pili mtu angeisoma kwenye simu yake, na tungeitwa waongo. Kilichotuponza 2014 ni watu kuhisi kwamba wamefichwa.

#21 Mzazi_Mpya

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mwanangu ana miezi minne, na kadi yake ya kliniki ninayo mkononi. Sindano ile ya wiki 6, 10 na 14 inakinga magonjwa matano, na mojawapo ni homa ya ini aina ya B. Nimemuuliza muuguzi jinsi ugonjwa huo unavyoambukizwa, akanijibu: kwa damu, kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, na kwa ngono. Basi watoto wetu wote, wa kiume na wa kike, wa waumini na wasio waumini, tayari wanakingwa na ugonjwa wa ngono kabla hawajaota jino, na sijawahi kusikia mahubiri dhidi yake. Tofauti ni nini hasa?

#22 Mkaazi_wa_Likoni

Tofauti ni kwamba mtoto wa wiki sita hatujaanza kumwogopa.

#23 MamaWaKihonda

Nawashukuru wote. Nimeona nirudi kueleza kilichotokea, kwani kuna jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria, hata mimi.

Jumanne usiku nilikuwa nikimsuka binti yangu nywele. Akaniuliza, «Mama, bibi mdogo alifanya dhambi gani?» Nilidhani sikumsikia vizuri. Akasema mchungaji alieleza kwamba ugonjwa ule ni wa wazinzi, na bibi mdogo alikufa kwa ugonjwa ule. Alikuwa amekaa na swali hilo kwa siku tisa.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa mchungaji, nikamweleza neno kwa neno kama nilivyowaeleza ninyi. Alimfahamu mama mdogo. Alimpelekea ushirika kitandani hadi mwisho. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema kwamba hakuwa amemfikiria marehemu aliposimama pale, na kwamba neno «kibali» hatalirudia. Kuhusu chanjo yenyewe hakubadilika. Bado anaona kwamba serikali ingepitia kwa wazazi kwanza, na akanisomea karibu hoja zote za Mkatekista, kana kwamba wameandikiana. Nilimwonyesha la Mzazi_Mpya kuhusu homa ya ini, akasema atalitafakari. Tuliagana vizuri.

Mume wangu nimemweleza habari ya swali la mtoto. Hakusema kitu, ila barua imetoka juu ya kabati na sasa iko mezani. Chanjo ni Alhamisi, na binti atakwenda. Nimeshamwambia mwenyewe ni ya nini, kwa maneno yangu, kabla hajaambiwa na mwingine.

#24 Mkatekista_Kijijini

Umefanya vyema kumwambia wewe. Mleta mada, na MwanaBukoba pia, nitawaombea marehemu wenu wawili katika misa ya Jumapili.

Namuuliza Mkunga: mke wangu ana miaka 41 na hajawahi kupimwa. Je, chanjo inamfaa, au kuna jambo jingine?

#25 MkungaMstaafu

Kwa umri wake kinachomfaa ni uchunguzi. Mpeleke kliniki ya afya ya uzazi katika hospitali ya wilaya, au kituo cha afya chenye huduma hiyo, kwani kwa wanawake wa miaka 30 hadi 50 ndio unaopendekezwa. Mlango wa kizazi hupakwa siki, na palipoanza kubadilika hugeuka kuwa peupe. Ni dakika chache tu, majibu hupatikana papo hapo, na mabadiliko ya mwanzo yakionekana mara nyingi hutibiwa siku hiyo hiyo. Asiende akiwa katika siku zake. Na wewe mwenyewe umsindikize, umngoje nje.